Kuku Kumi na Wawili wa Mama Kapinga

Methali isemayo "akili ni mali" hutufundisha kwamba utajiri ulio kichwani haufungiwi mlango na karani wala hauliwi na panya. Asiyesadiki na aende Musonoi, mtaa wa wachimba madini pale Kolwezi, nchini Kongo, aulize habari za Mama Kapinga.

Mama Kapinga alikuwa muuza unga, mcheshi kupindukia, ila kusoma hakujua. Akiba yake ya kwanza ilizama na chama cha kuweka fedha kilichofunga milango asubuhi moja, makarani wakaingia mitini. Tangu hapo, akisikia neno "benki" hutema mate. Kwa hiyo mkwewe Glodie, fundi wa simu, alipomfungulia akiba ya sarafu za kidijitali kwenye simu, mama aliuliza jambo moja tu: ufunguo atakaa nao nani?

"Ni weye mwenyewe, mama," Glodie alimjibu. "Ni hii maneno kumi na mbili ya Kifaransa. Ukiipoteza, hata mi siwezi kukusaidia."

Glodie alimwandikia maneno hayo kwenye karatasi, lakini kwa mama karatasi ilikuwa giza tupu. Basi alinunua vifaranga kumi na wawili, akampa kila mmoja neno lake. Kila jioni aliwaita waingie bandani kwa mpangilio uleule wa maneno: Farine, Citron, Orage, Ministre… Majirani walicheka mpaka mbavu zikawauma, wasijue kuwa wanasomewa ufunguo wa hazina.

Mwaka uliofuata, Tata Henri, mzee wa mji wa Mutshatsha, alitangaza kuwa anauza mashine yake ya kusaga, na kwamba atampa atakayewahi kulipa kabla ya adhuhuri ya siku hiyo. Mama Kapinga alitamani mashine yake mwenyewe tangu usichana. Kwa pupa ya furaha aliinama kukoroga bukari, ugali wa kwao, simu yenye akiba ikamponyoka, ikatumbukia ndani ya sufuria na kuzimika kabisa.

"Karatasi iko wapi, mama?" Glodie aliuliza.

"Panya balishakula. Usiogope, maneno iko mu banda!"

Aliwaita kuku, Glodie akaandika. Yakatimia maneno kumi na moja tu. Mama Kapinga akarudia kuwaita, yakawa yaleyale kumi na moja. Jua lote lililomchoma sokoni lingekwenda bure kwa neno moja!

Mumewe, Tata Tshiamala, alikuna kichwa kwa aibu. "Bibi yangu, na ile tulikula ku Paska?"

"Ministre!"

"Ni yeye. Alikuwa anaingia nyuma ya Orage. Nilimuangalia sana, juu alikuwa munene!"

Glodie aliingiza maneno yote katika simu nyingine, na akiba ikatokea nzima. Vigelegele vilipasua anga. Palepale akamfanyia ufunguo mpya, maana mtaa mzima ulikuwa umeshaukariri wa zamani, kisha wakakimbilia kwa mbadilisha fedha kugeuza sarafu kuwa pesa taslimu, wakamtumia Tata Henri malipo kabla ya adhuhuri.

Jumatatu mashine ilinguruma Musonoi, Mama Kapinga akicheza mbele yake, mweupe kwa unga hadi kope. Chama kilifungwa, karatasi ikaliwa, simu ikaiva na bukari, naye akabaki tajiri. Hakika, akili ni mali.