Pimbi na Mkeka wa Watunzi

Hapo zamani za kale, enyi wenye masikio yaliyooshwa, wanyama walikuwa wakipika ugali, wakipiga hodi na kununiana na majirani kama sisi. Siku hizo aliishi Pimbi, mdogo wa umbo, mwingi wa maneno. Yeye alipenda kutunga hadithi za kutisha: mazimwi, vyungu vinavyojifunua vyenyewe, vivuli visivyo na wenyewe.

Lakini Pimbi alikuwa mpweke. Akimsimulia mkewe, mkewe husema, "Nzuri, mume wangu," huku anachambua mchicha. Akiwasimulia wanawe, wanaingia chini ya kitanda hata hajafika katikati. Hakuna wa kumwambia, "Hapa pamelegea, hapa kaza." Na alikuwa na hadithi moja iliyomkwama tangu masika.

Wa kumwambia hivyo walikuwepo, basi tu hawakuwa wake. Kila alasiri watunzi wakubwa wa nchi ile waliketi kwenye mkeka mmoja: Tembo, mwenyekiti, mtunzi wa habari za koo; Nyati, mtunzi wa vita; na Kiboko, aliyeusifu mto kwa beti mia tatu na bado hajafika ng'ambo.

Mkeka ule ulikuwa na sheria moja, aliyoiweka Tembo mwenyewe. Mgeni husimulia. Wote watatu wakimuuliza, "Ikawaje?" huyo ni mwenzao, anakaa. Wasipomuuliza, ananyanyuka anakwenda zake.

Pimbi akaoga, akavaa kanzu, akaenda. "Shikamooni, wazee wangu. Nimewaletea hadithi ya zimwi."

"Zimwi?" Nyati akapumua, pfuuu! "Hizo si za kutishia watoto wasiomaliza uji?"

"Mwanangu," akasema Tembo, "hapa tunatunga mambo mazito. Nenda salama."

Hata sentensi moja hawakumsikiliza! Pimbi akarudi nyumbani akalia, wala hakuona haya, akalia mpaka mkewe akauacha mchicha. Halafu akanyamaza ghafla, akajifuta macho.

"Mke wangu, lile birika la kahawa liko wapi?"

Kesho yake alasiri, kli! kli! kli! Pimbi huyo, vikombe mkononi. "Kahawa! Kahawa chungu!"

"Ala!" akasema Kiboko. "Umeacha kutunga?"

"Nimeacha, mzee wangu. Mazimwi hayashibishi."

Wakacheka, wakapokea vikombe. Pimbi akamimina, akafuta birika, kisha kama mtu aliyekumbuka jambo akasema, "Lakini mmesikia yaliyompata jirani yangu, yule mama wa kule majabalini?"

Loo! Wakubwa wale walipenda umbea kuliko kashata. "Hatujasikia! Sema!"

"Juzi kapakua chakula, mumewe kaketi mbele yake, anakula. Mara mlangoni, ngo! ngo! ngo! 'Hodi! Mke wangu, nifungulie.' Na sauti ni ya mumewe."

"Mumewe si yuko ndani?" akauliza Kiboko.

"Yuko ndani, anatafuna. Mke akamtazama. Yule wa ndani akaacha kutafuna, akasema polepole, 'Usifungue.' Na yule wa nje akasema, 'Usimsikilize.'"

Kikombe cha Kiboko kikaanguka, kwaa!

Pimbi akabeba birika lake. "Haya wazee, nawahi sokoni."

"Wee! Ikawaje?" akapiga kelele Kiboko.

"Ikawaje, bwana?" akauliza Nyati, ambaye sasa alikuwa nyuma ya mgongo wa Kiboko.

Tembo kimya. Mwenyekiti mzima aulize umbea wa muuza kahawa? Alitazama mawingu, ila masikio yalikuwa yakimtetemeka.

Pimbi akaenda hatua moja, ya pili, ya tatu. Akafika penye kona ya njia. Akiikata tu mambo yamekwisha, atarudi kuyasimulia mawe. Akaukokota mguu. Akajifanya kufunga kamba ya kiatu.

Du! du! du! Ardhi ikatikisika. Tembo huyoo, mbio!

"Simama! Nami jioni nitapiga hodi kwangu! Mke wangu atanifunguliaje? Ikawaje?"

Pimbi akarudi naye taratibu, akaweka birika chini. "Mmekuwa watatu. Nisogezeeni nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya mtunzi. Hakuna mama, hakuna waume wawili. Nimetunga mimi."

"Umetudanganya!" Nyati akafoka.

"Na nyinyi hapa kila alasiri huwa mnafanya kazi gani?"

Tembo akaangua kicheko mpaka mkeka ukakunjika. "Sheria yangu imeninasa mwenyewe! Kaa, mwenzetu. Sasa tumalizie roho zitulie. Mume ni yupi?"

Pimbi akajikuna shingo. "Hata mimi sijui. Imenikwama hapohapo tangu masika. Ndiyo maana nikawatafuta."

Wote kwa pamoja: "Wa nje!" "Wa ndani!" "Mwache mke amuulize jina la mama mkwe!"

"Tena huo mwanzo wako umelegea," akasema Kiboko. "Umesema chakula. Chakula gani? Tukinuse!"

Pimbi akacheka huku machozi yanamtoka, maana tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumkosoa. Akachukua kalamu akaandika: ugali kwa mchicha. Jua likazama bado wanabishana, na nasikia mpaka leo hawajapatana mume ni yupi.

Basi, watoto wangu: anayetunga peke yake na awatafute wa kumuuliza "ikawaje?", hata ikibidi awapelekee kahawa.