Kiboko Aliyekula Kiapo

Paukwa!

“Pakawa.”

Nyie wa nyuma mmejaza karanga mdomoni. Paukwa!

“PAKAWA!”

Haya. Pakawa na ghala, ghala likawa na mlango, na mbele ya mlango pakalala tumbo. Tumbo la Kiboko.

Ghala lile lilikuwa wakfu. Bibi Kakakuona, aliyekufa bila mtoto, alijaza humo mtama na mbegu za kila namna, akausia: “Asile humu ila anayesoma mimea na anayeifundisha.” Akamweka Kiboko awe msimamizi, kwa sababu ana mwili. Mwili anao, hilo sibishi.

Kilimani aliishi Kindi, kadogo, peke yake. Mama yake zamani alipanda mnukiamvua, kammea ambako kakichanua, hata katikati ya kiangazi, pananukia mvua. Mama alikufa, na mnukiamvua ukafa naye. Kindi alifukia mbegu, hazikuota. Akafukia tena, hazikuota. Ikabaki moja. Akawa analala pale mama alipokuwa akilala, ananusa udongo, hapati kitu. Alikuwa na hamu na mama yake, jamani, mpaka mkia ukamlegea.

Alitaka kujua mbegu ile inakataa nini. Lakini mbegu haichunguzwi kwa mbio. Inataka mtu akae nayo. Akikaa, njaa inamuuma. Akienda kutafuta chakula, ndege wanafukua. “Nikipata mtama wa wakfu,” akasema, “nitakaa.”

Akashuka. “Hodi, Mzee Kiboko! Shikamoo.”

“Marahaba. Barua ya maombi iko wapi?”

Kindi akaiandika kwa jino kwenye jani la mgomba. Kiboko akaitazama juu, akaitazama chini. Ngwafu! Akaila. “Maombi yamepokelewa. Njoo masika.”

Masika akaja. “Hodi, Mzee Kiboko! Shikamoo.”

“Marahaba. Mpango kazi uko wapi?”

Majani matatu. Ngwafu! Ngwafu! Ngwafu! “Unashughulikiwa,” akasema Kiboko, na tumbo likaitikia guruguru-guruguru. “Njoo vuli.”

Vuli akaja. “Hodi, Mzee Kiboko! Shikamoo.”

“Marahaba. Barua ya mdhamini iko wapi?”

Ngwafu! Ila safari hii Kindi alichungulia mlangoni. Mtama umefika nusu. Na kibuyu cha mbegu za mnukiamvua, alichokitoa mama yake mwenyewe kwa ajili ya wasomi, kimelambwa hadi kitako. Kindi akapanda kilima analia. Alilia siku mbili. Siku ya tatu akawapitia wanyama wote, akanong'ona nao, kisha akashuka kwa Kiboko mikono mitupu.

“Karatasi iko wapi?” akauliza Kiboko.

“Mzee wangu, mtu wa heshima yako si wa kulishwa majani. Wanyama wamekuandalia kiapo.”

Kiboko, aliyekulia masikio majini, hakupata kulisikia neno hilo. Akaona aibu kuuliza. “Kinaliwaje?”

“Hadharani, mzee. Wasimamizi wakubwa wote wamekula.”

“Wakashiba?”

“Sijamwona aliyerudi kuomba kingine.”

“Basi nitakula chote!”

Kesho yake asubuhi wanyama wakajaa uwanjani. Bi Korongo, mwenye kuapisha, akasimama kwa mguu mmoja. “Bwana Kiboko, uko tayari kula kiapo?”

“Tangu jana sijaonja kitu!”

“Utakula nusu au chote?”

“Chote! Sibakizi!”

“Basi sema: Ghala liko wazi kwa kila anayesoma mimea.” Akasema. “Sitatia mdomo humo tena.” Akasema upesiupesi, mate yanamtoka. “Nikitia, jua linipasue mgongo.” Akasema. Kisha akafungua kinywa, aaaa, akangoja. Akangoja weee.

“Kiko wapi?”

“Umeshakila, mzee,” akasema Kindi.

“Mbona tumbo tupu?”

“Ndivyo kilivyo.”

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kiboko akalitupia jicho ghala, na papo hapo mgongo ukaanza kumwasha. Akatimka, chubwi! Mpaka leo mchana kutwa yumo majini, anaogopa jua.

Kindi akapewa mtama wake, akakaa na mbegu yake. Siku kumi. Arobaini. Haikuota. “Mama, ulifanyaje?” akauliza.

Siku moja akaenda mtoni kuchota maji. Jua kali, mawingu hakuna, na pananukia mvua! Akafuata ile harufu, akafika kwenye lundo la mavi ya Kiboko. Juu yake mnukiamvua umechanua tele. Zile mbegu za kwenye kibuyu! Zilikwaruzwa kwa meno, zikapikwa tumboni, maganda yakalegea, zikaota.

Hapo akakumbuka jinsi mama alivyokuwa akiguguna kila mbegu kidogo kabla ya kuifukia. Yeye siku zote alidhani ni njaa tu. Akarudi mbio, akaifukua ile moja, akaiguguna kidogo, akaifukia tena. Ikaota. Tangu siku hiyo anayetaka kusoma mimea anapanda kilimani kwa Kindi, na mtama upo.

Yangu ndiyo hayo, nimeyatua. Mwenye mgongo na ayabebe.

Fundisho? Enhe, lipo. Ukikabidhiwa wakfu wa wasomi, ule, ndugu yangu, usione haya. Elimu itatokea kwa nyuma.

Siku mnukiamvua wake ulipochanua, Kindi alikaa pembeni yake kutwa nzima, hakula. Jioni akausogelea, akasema taratibu, “Mama, wewe hukuwa na njaa.”