Pua Iliyokaa na Udi

"Pua iliyokaa na udi haisikii udi." Mmeisikia leo kwa mama zenu, mkaniuliza ilikotoka. Basi ilizaliwa mjini Siyu, nyumbani kwa Mwanakheri binti Shee, mpika udi.

Mwanakheri alipika udi wa maharusi tangu ujana wake, na mwenyewe akijifukiza asubuhi na jioni. Mwaka mmoja ikamfikia harusi ya Rukiya, binti wa marehemu mdogo wake, ambaye yeye ndiye aliyemlea. Akayeyusha sukari, akatia vipande vya udi, unga wa sandali, ambari na marashi ya waridi, akainama kunusa. Hakusikia kitu. Akaongeza ambari, bado. Akafungua chupa zake za manukato moja baada ya nyingine, zote zikawa kama maji. Lakini hakumwambia mtu. Mpika udi asiye na pua ni nani tena?

Siku ya kufukiza nguo za harusi, Rukiya alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Alipopata pumzi akauliza, "Mama mkubwa, kwani huusikii? Mtaa mzima unausikia."

Mwanakheri akaketi sakafuni. "Siusikii, mwanangu. Pua yangu imekufa."

Rukiya hakucheka. Alizima chetezo, akafungua madirisha, kisha akamwomba aende shamba kwa ndugu zao wakavune mahindi pamoja, harusi ingali mbali. Mwanakheri alikwenda shingo upande. Kule hakujifukiza wala kujipaka chochote, na usiku wa kwanza alilia kimyakimya, akidhani kazi yake imekwisha.

Baada ya siku kadhaa, asubuhi moja ikanyesha mvua, na harufu ya udongo ikamjia puani. Hakuthubutu kuiamini. Lakini waliporudi Siyu na kufungua mlango, udi wa nyumba yake ulimpokea kutoka kwenye mito, mapazia na kanga zilizotundikwa. Alisimama kizingitini, machozi yakimtiririka huku akicheka.

"Kumbe haikufa," akasema.

"Ilikuwa imeshiba tu," Rukiya akamjibu, akimshika mkono kuingia ndani.

Udi wa harusi ukapikwa upya, safari hii kwa ambari kidogo. Wageni walivuta pumzi kwa raha, hakuna aliyekohoa. Na tangu hapo Mwanakheri hakutoa udi nyumbani kabla jirani hajaunusa. Aliyemuuliza kwa nini fundi kama yeye anaazima pua ya mtu, alimjibu kwa furaha: pua iliyokaa na udi haisikii udi.