Mzinga wa Bata

Sogeeni karibu. Wewe mwenye karanga, tafuna polepole nisikike. Nikisema mzinga, semeni umejaa.

Mzinga.
Umejaa.
Umejaa nini?
Umejaa maneno.
Basi natia mkono.

Hapo kale, katika nchi ya miombo, paliondokea mrina asali jina lake Mihayo, na mkewe Kalunde. Mizinga yake ilikuwa arobaini, yote ya magogo, yote juu mitini. Thelathini na tisa ilinguruma nyuki. Mmoja, ule wa kwenye mninga kando ya bwawa, nyuki waliukataa mwaka wa kwanza, wakaukataa wa pili, wakaukataa wa tatu. Mfuniko wake ukaoza, ukaanguka.

Mihayo na Kalunde walikuwa na mtoto mmoja tu. Alipanda mti kumfuata baba yake, akaanguka, akafa. Tangu siku hiyo Mihayo akisikia hata tunda likidondoka hugeuza uso. Hilo liwekeni moyoni, tutalikuta mbele.

Mvua zilipoanza akaja Bata wa porini.

"Hodi, baba."

"Karibu."

"Niazime ule mzinga mtupu, nitage."

Mihayo akacheka. "Bata juu ya mti? Nenda kwenye majani bwawani kama wenzio."

"Mimi ni wa ukoo mwingine, baba. Sisi hutaga ndani ya mti. Kutoboa mti sijui, mdomo wangu ni wa kuchekecha matope. Nilitegemea mashimo ya miti mikuukuu, na miti hiyo ninyi mmeichonga mizinga."

Mihayo akaona haya. "Uchukue."

"Mzinga wenye mayai una miiko mitatu, baba. Usiutie moshi. Usiushushe. Usiuzibe mdomo."

"Nimesikia."

Kusikia alisikia, jamani. Ngojeni.

Bata akang'oa manyoya laini ya kifuani mwake, akatandika. Akataga yai kila siku, yakawa kumi. Bata mwenzake aliyekosa shimo akaja kinyemela, akaongeza mawili yake, akaenda zake bila hata asante. Mwenye kiota akayalalia yote kumi na mawili. Mwezi ukaandama, ukapevuka, ukaisha. Vifaranga wakatoka.

Kesho yake asubuhi Bata akashuka, akaenda hadi bwawani kutazama kama njia ni salama. Mihayo naye akapanda kuchungulia. Akawakuta vifaranga wamebanana mdomoni mwa mzinga, wanatazama chini, kimo cha watu saba. Akageuza uso.

"Hawa wataanguka," akasema.

Akafanya anachofanya mrina asali kila siku. Akashuka, akakanda udongo, akapanda tena, akauziba mdomo wa mzinga, akaacha tundu la kupita nyuki. "Kaeni humo mpaka muote mabawa." Akashuka, roho imetulia.

Bata akarudi, akaimba chini ya mti:

Rukeni wanangu, rukeni,
maji yanangoja, rukeni.

Hakuna aliyeruka. Juu kukasikika vikucha vikikwaruza udongo.

Akaimba asubuhi. Akaimba adhuhuri. Akaimba jua likishuka, sauti imemkauka.

Mihayo akamuuliza mkewe, "Kwa nini huyu mama hawapelekei wanawe chakula?"

Kalunde akaweka jembe chini, akasikiliza. "Mume wangu, huyu hapeleki, huyu anaita. Watoto wake hula wenyewe, majini. Umewafungia humo na njaa."

"Nikizibua wataanguka."

"Najua unachokiona. Na mimi nakiona kila siku. Panda."

Akapanda. Akabomoa udongo, akakumbatia tawi, akafumba macho. Chini Bata anaimba.

Rukeni wanangu, rukeni.

Pu, kwenye majani makavu. Mihayo akangoja kilio. Hakukuwa na kilio. Pu. Pu.

Akafumbua macho. Ndugu zangu, mimi ninayewasimulia sijui jambo kubwa kuliko hilo. Viumbe ambao juzi walikuwa mayai, wanajitupa hewani vidole wamevitanua, wanaanguka, wanadunda, wanasimama, wanamkimbilia mama yao. Hakuna aliyewafundisha.

Wakaruka kumi na mmoja. Wa kumi na mbili akasimama ukingoni, anatetemeka. Mihayo akanyoosha mkono amshushe kiganjani. Bata akaimba mara moja tu. Mihayo akaurudisha mkono wake.

Kifaranga akaruka.

Safari hii Mihayo hakugeuza uso. Alimfuata kwa macho mpaka chini, akamwona anadunda, akamwona anasimama.

"Amesimama, Kalunde," akasema, machozi yanamtiririka. "Amesimama."

Na Kalunde chini ya mti alikuwa analia vilevile. Wakawatazama wale kumi na wawili wakiingia majini nyuma ya mama yao, mpaka mawimbi madogo yakatulia.

Tangu hapo ukoo wa Mihayo, kila wanapotundika mizinga, mmoja huuacha mdomo wazi.

Sasa nikisema mzinga, semeni mtupu.

Mzinga.
Mtupu.
Mtupu kwa nini?
Wametoka wote.