Sakafu ya Damari

Waliotutangulia katika imani husimulia habari za mjane mmoja, Damari, aliyesiriba sakafu ya kanisa kila Jumamosi kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Miaka kumi na mmoja alipiga magoti akisiriba, wala jina lake halikuwahi kutajwa mimbarini.

Lililotajwa ni la Eunike, mwimbaji. Binti huyo akifungua kinywa, hata wanaume wazima walitoa machozi. Kila Jumapili ni Eunike, Eunike! Roho ilimuuma Damari. "Yeye kapewa koo, mimi nimepewa mikono ya kunuka samadi," alinung'unika. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na Damari alikonda kweli.

Ikatangazwa kwamba Askofu anakuja, na Eunike ataimba peke yake. Jumamosi hiyo Damari alijilaza nyumbani. "Leo wasiribe wenye sauti," akasema.

Kilikuwa kiangazi. Kesho yake waumini walipopiga magoti, sakafu kavu ikatimua vumbi. Eunike akaimba mstari mmoja, akakohoa. Akajaribu tena, akakohoa mpaka akashikwa mkono kutolewa nje, mbele ya Askofu. Na Damari, Mungu amrehemu, alifurahi.

Furaha yenyewe haikufika jioni.

"Hodi, mama Damari." Alikuwa Eunike, macho mekundu, mkononi ameshika kibuyu cha uji. "Nimeona hukusiriba, nikajua unaumwa. Pole."

Damari akamsogezea kigoda.

"Nina pumu tangu utotoni," Eunike akaendelea. "Kule nilikozaliwa sikumaliza hata ubeti kanisani, kwa vumbi. Nilianza kuimba nilipofika kwenye sakafu yako. Nilidhani unajua."

Damari akapiga magoti. "Siumwi, mwanangu. Nilikuonea kijicho, nikakuachia vumbi makusudi. Nisamehe."

Machozi yakamtoka Eunike. "Umeniumiza, mama," akasema. Kisha akammiminia uji. "Kunywa. Jumamosi utasiriba?"

"Nitasiriba."

Naye akasiriba. Jumapili Eunike akaimba hadi ubeti wa mwisho. Watu wote walimtazama yeye. Yeye alitazama sakafu.

Basi wewe unayefagia na kuchota maji, ukisikia wimbo mtamu kanisani, usikimbilie kuuliza sifa ni za nani. Huenda magoti yako yamo humo.