Ngedere Aliyeikataa Sauti ya Binti Yake

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona nimesikia wasichana tu? Wavulana, mmemeza gundi? Na ninyi akina baba kule nyuma, wekeni simu chini! Tena! Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya, sasa tumeelewana.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, ngedere walikuwa na desturi. Dume analinda. Jike anatoa chawa. Dume akimwona chui, anapiga yowe la chui, wote wanapanda mtini. Akimwona tai, anapiga yowe la tai, wote wanaingia kichakani. Jike yeye ni vidole tu: toa chawa, toa chawa, toa chawa. Jike akipiga yowe, halihesabiwi. Dume akitoa chawa, anachekwa mpaka anahama.

Basi akaja Mwalimu Digidigi. Mwili mdogo, miguu kama vijiti, lakini sauti! Akafungua shule. Siku ya kwanza akasema, "Wote mtajifunza yowe. Wote mtajifunza kutoa chawa."

"Wote wote?" akauliza Tindi, binti wa Mzee Ngedere.

"Wote wote!"

"Hata sisi wavulana, chawa?" akauliza Mbuke, kaka yake.

"Wewe huna chawa?"

"Ninao."

"Basi!"

Weee! Shule ikanoga. Wasichana wakapiga yowe, kwe! kwe! kwe! Wavulana wakashika chawa, tiki, tiki, tiki. Mbuke akawa bingwa wa chawa. Tindi akawa bingwa wa yowe. Alikwenda shule anaruka, akarudi anaruka.

Mzee Ngedere akasikia. Akavimba. Akaja shuleni mkia juu, huku anajikuna, kwaru kwaru, maana mkewe alikuwa kwa dada yake siku ya tatu, na chawa walikuwa wamejenga mji mgongoni.

"Mwalimu! Binti yangu hana haja na makelele. Leo ndiyo mwisho. Tindi, chukua mfuko wako!"

Tindi akalia. "Baba, nionee huruma. Kesho tunajifunza yowe la chatu."

"Twende!"

"Mzee, karibu tuzungumze," akasema Mwalimu.

"Sizungumzi!" Kwaru kwaru kwaru! Akafumba macho, maana palimwasha pale pasipofikika.

Nyatu. Nyatu. Nyatu. Nani huyo majanini? Semeni, nani?

"Chui!"

Ndiye! Tindi akamwona, machozi bado yanamtoka. Akapiga yowe: "KWE-KWE-KWEEE!" Darasa zima, puruu, mtini! Mwalimu Digidigi, huyoo, kichakani! Aliyebaki chini nani? Mzee Ngedere, peke yake, kidole hewani.

"Nani amepiga yowe? Binti! Halihesabiwi hilo. Mbuke, wewe ndiye mwanamume, sema: kuna chui?"

"Baba, panda!"

"Nijibu kwanza!"

Kwachu! Chui akamdaka mkia. Mzee akaruka, akamwachia manyoya, akaupanda mti ule bila kujua ameshika tawi gani.

Chui akaona matawi yale membamba hayambebi, akajilaza chini, akangoja. Saa nzima. Juu kule Mzee ameng'ang'ania tawi kwa mikono yote miwili. Na mgongo unawasha!

"Mbuke," akanong'ona, "hebu, hapa kidogo."

Tiki, tiki, tiki. Mzee akalegea kwa raha. "Umejifunza wapi haya?"

"Shuleni, Baba."

Mzee akamgeukia Tindi. Sauti ikamtoka ndogo. "Nisamehe, mwanangu. Umeniita nipone, nami nikabisha. Ningekufa leo na masikio ninayo."

Tindi akamkumbatia shingoni. Chui alipochoka kungoja, akaenda zake.

Kesho yake, nani aliketi benchi la mbele, kando ya Tindi, magoti yamegusa kidevu? Mzee Ngedere! Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi kutoa chawa sijui kabisa. Na mke wangu anarudi leo, naye ana mgongo."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akampa mwalimu wake: Mbuke.

Basi, watoto kwa wakubwa, shikeni hili: shule ni mahali pa kumfundisha msichana na mvulana kazi zote, na kuheshimiana. Anayeona hatari asikilizwe, awe msichana, awe mvulana.

Hadithi yangu imeishia hapo, koo limenikauka. Haya, wavulana, vyombo vya chai vile pale. Leo zamu yenu!