Tao la Fundi Gerlak

Tao husimama kwa waliosimama chini yake. Mmeisikia leo mkacheka, mkauliza jiwe litamjuaje aliye chini yake. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Zamani sana, huko Ulaya, watu wa mji mmoja wa kilimani walikuwa wakijenga kanisa la mawe. Babu alianza, mjukuu akaendeleza. Matao yake yalichongoka juu kama viganja viwili vya mtu anayeomba, na madirisha yalikuwa marefu, ya vioo vya rangi. Fundi mkuu wa mwisho aliitwa Gerlak, mzee wa magoti mabovu na maneno machache.

Tao hujengwa juu ya mbao. Mawe yakishashikana, mbao huondolewa, tao likajishikilia lenyewe. Na mji ule ulikuwa na desturi: siku ya kuondoa mbao, fundi mkuu husimama chini, peke yake. Kama kazi ni mbovu, imwangukie aliyeifanya.

Tao la mwisho lilifungwa baridi ikiwa imewahi. Chokaa ya kuunga mawe, ikikumbwa na baridi, ni ya uongo. Nje ngumu, ndani uji. Gerlak akaomba wangoje kiangazi. Padri mkuu akakataa. Alitaka ibada ya Krismasi ifanyike humo, akamwuliza mbele za watu kama anaogopa kazi ya mikono yake mwenyewe. Neno hilo lilimchoma. Alikwenda nyumbani akanyoa ndevu, akavaa shati safi, kama maiti anayejiandaa mwenyewe.

Asubuhi akasimama chini ya tao. Vijana wakashika nyundo, wakingoja amri ya padri mkuu. Gerlak akatazama juu, akaona unyevu kwenye viungo vya mawe, akajua. Mara akasikia viatu vya mbao vikija nyuma yake. Alikuwa Odila, mjane aliyekoroga chokaa ya kanisa lile tangu usichana wake.

"Toka, mama," Gerlak akamwambia. "Desturi ni ya fundi."

"Chokaa nimekoroga mimi. Wewe umepanga mawe tu, unajisifia nini?"

"Odila, litaanguka."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Sogea, umejaza nafasi yote kama ng'ombe zizini."

Mwenye mkokoteni akacheka, kisha akavua kofia akaingia naye. Mawe aliyavuta yeye. Wakafuata wachongaji, na wanawake waliowapikia mafundi uji, na wazee waliorithi kazi ile kwa baba zao. Walisimama bega kwa bega mpaka pakajaa.

Padri mkuu akawatazama. Mtu mmoja angemwombea, akamzika. Angeuzika mji mzima, angebaki na nani?

"Wekeni nyundo chini," akasema kwa sauti ndogo. "Tutangoja."

Krismasi walisali ghalani, wakitetemeka. Kiangazi chokaa ikakauka, mbao zikaondolewa, na tao halikutikisika. Gerlak alitaka kushukuru. Akachovya kidole kwenye chokaa mbichi, akampaka Odila kwenye paji la uso. Odila akalalamika kwamba amemchafulia kitambaa cha kichwani, lakini hakuifuta. Tangu hapo, kila mwaka siku ile, watu wa mji huo hupakana chokaa chini ya tao kabla ya sala. Kila mtu humpaka yule aliyesimama naye alipokuwa na shida.

Kwa hiyo, wanangu, mlisema kweli: jiwe halimjui aliye chini yake. Mwenye kuamuru nyundo ndiye anayemjua. Tao husimama kwa waliosimama chini yake.